Banarasi ya Mjomba Apollo

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu Apollo, na mazishi yote nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza uongo. Mshereheshaji, suti yake iking'aa kama bati jipya, alishika kipaza sauti akasema marehemu ndiye baba wa utalii wa ufuo wetu. Mchungaji akasema marehemu alikuwa daraja kati ya dini na dini. Bwana mmoja nisiyemjua, amevaa miwani ya jua ndani ya hema, akasema Apollo aliwaheshimu Wahindi wa Kisumu kama ndugu zake wa damu. Watu wakaitikia kwamba ni kweli kabisa. Nikainamisha kichwa nisije nikacheka mbele ya jeneza. Ninyi wa rika langu mliokulia Nyalenda mnamkumbuka, na najua wengine wenu mlikuwepo mkipiga makofi. Basi niacheni niseme nilichokiona kwa macho yangu, maana kufa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Apollo alikuwa ndugu mdogo wa mama, na kwa lugha ya nyumbani nilimwita nera. Alipokuwa kijana, ukoo mzima wa Alego ulijikamua ukampeleka India kusomea biashara. Alikaa huko hadi watu wakaacha kumuulizia, kisha siku moja akatokea mlangoni kwetu bila cheti chochote, akiwa na sanduku la kengele za shaba, kanzu nyeupe za kufika magotini, na mtindo wa kuunganisha viganja kifuani kila alipomsalimu mtu, hata muuza dagaa wa omena. Ukimuuliza kuhusu masomo alifumba macho na kusema elimu ya kweli haiandikwi kwenye karatasi. Usingizi wake ulikuwa sebuleni kwetu na chakula chake kwenye sufuria yetu. Mama alikuwa akishinda jikoni kwa watu akipika, halafu anarudi nyumbani kumpikia huyo msomi.

Jambo moja tu la India alilijua kwa kina. Kuna asubuhi moja alipanda mashua ya watalii kule Banarasi, mji mtakatifu wa Wahindu ulio kando ya mto Ganga, na kiongozi akawapitisha polepole jua likichomoza, akiwaonyesha watu wakioga na kusali, na jamaa za wafu wakiyakabidhi majivu mtoni. Safari ya asubuhi moja. Wengine hukaa miaka katika nchi ya watu wasithubutu kufungua mdomo kuihusu; mjomba alitumia asubuhi hiyo moja kuishi maisha yake yote. Alituketisha, mama na mimi, akatuuliza: Kisumu si ina Wahindu? Si ina maji? Si ina jua? Sasa kinachokosekana ni nini? Kabla hatujajibu akajijibu mwenyewe kwamba kinachokosekana ni mtu wa kueleza, na mtu huyo ni yeye.

Mnaujua ufuo wenyewe. Ni pale chini, barabara ya changarawe ya murram inapoishia kwenye maji ya ziwa, kati ya mafunjo upande huu na magugu upande ule. Wahindu wa mjini walifika pale mara mojamoja, wakiwa na majivu ya maiti wao, au na sanamu za udongo baada ya sikukuu fulani. Walipachagua kwa sababu nyepesi sana, kwamba gari lingeweza kufika bila kuzama matopeni. Ngazi za kale hazikuwepo. Kulikuwa na mawe, na juu ya mawe mama zetu walifua nguo. Lakini ingekuaje mjomba awapeleke Wazungu kutazama mawe ya kufulia? Akayaita ngazi takatifu, akasema zilijengwa na mfalme aliyevuka bahari akifuata ndoto.

Nimepanda mashua ile mara nyingi, likizo za shule, kwa kuwa mama alitoka kwenda kazini mapema na hakupenda nibaki peke yangu. Mjomba alinibandika alama nyekundu katikati ya paji la uso kwa rangi ya kucha, akanikalisha mbele. Mwenye mashua alikuwa Mzee Okumu, mvuvi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache ambaye hakujua Kiingereza na hivyo alibarikiwa kutosikia chochote. Wageni walitoka kwenye hoteli za mjini wakiwa na usingizi machoni na kamera shingoni, wengi wao wakipitia tu kwenda Uganda. Mjomba alisimama, akapiga kengele, na uongo ukaanza kumiminika kwa Kiingereza cha puani. Wanawake wa Nyalenda walioinama kufua walikuwa mahujaji wakiosha dhambi. Madereva waliokuwa wakiosha malori yao ziwani walikuwa wakiyabariki. Kiboko akitoa pua majini alikuwa farasi wa mungu wa kike. Hata wale ndege wakubwa wenye vipara wanaogombania utumbo sokoni, aliwaambia ni roho za watawa. Wageni walisema "Oh!" na kupiga picha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini hujaji huyu anafua sare ya shule.

Nasikitika kusema kwamba mimi mwenyewe nilimwamini kuliko Wazungu wote. Mtoto akimwona mtu mzima anaongea bila kukwama hudhani kwamba anajua. Aliniambia kwamba Mhindu hafi kama sisi tunavyokufa. Huwekwa ndani ya mtungi, mtungi hutiwa ziwani, naye husafiri kwa maji mpaka India. Nikayachukua maneno hayo kama yalivyo. Akilini mwangu nilimwona mtu mzima amekunjwa vizuri kama shati, magoti kidevuni, macho wazi, akiisubiri safari. Kilichonitatiza ni jinsi wanavyomkunja tu.

Sasa mjue mama alifanya kazi wapi. Alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa Mzee Manubhai, mwenye duka la vitambaa na sare za shule, na mkewe tuliyemwita Mama Kanta. Mama alikuwa pale tangu kabla sijazaliwa. Wenye nyumba hawakujaliwa watoto. Mzee Manubhai alizaliwa Kisumu, akakulia Kisumu, akazeeka nyuma ya kaunta ileile, akizungumza Kijaluo kizuri kuliko binamu zangu wa Nairobi. Kila nilipokwenda pale alinipa vipande vya vitambaa vilivyobaki, na wanasesere wangu walivaa vizuri kuliko mimi. Siku moja alianguka dukani akafa, na kesho yake wakamchoma kama desturi yao ilivyo. Nusu ya mji ilikwenda. Wengine walikwenda kuomboleza, na wengine, tusidanganyane, walikwenda kuona jinsi mtu anavyochomwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya jikoni nikichambua dengu wakati Mama Kanta alipoingia, akakaa kwenye kigoda cha mama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

"Rosa," akamwambia mama, "mimi nakwenda. Ndugu ya Mzee anasema kuja Uingereza, kukaa na wao. Wiki ngine mimi hapana iko hapa."

"Nimesikia, Mama. Pole."

"Mimi taka kitu moja tu. Ile siku ya moto, watu mingi sana alikuja. Mimi nalia, wao natazama mdomo yangu vile nalia. Rosa, miaka yote hiyo mimi hapana lia mbele ya mtu. Sasa hii majivu ya Mzee, nataka weka kwa maji asubuhi kabisa. Mimi na yeye tu. Watu hapana simama, hapana tazama. Basi."

Mama alifuta mikono kwenye aproni. "Hakuna mtu atatazama, Mama. Mimi Rosa ndio nimesema."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Nikimwomba viatu alisema tutaona. Nikimuuliza kama mvua itanyesha alisema Mungu ndiye anajua. Siku ile alitoa neno lake zima bila kulipunguza, na nikaelewa, hata kwa akili yangu ya kitoto, kwamba kuna kitu kimewekwa mezani ambacho hakitarudishwa.

Jioni hiyo akamkalisha mjomba chini kabla hata ya kumpa ugali.

"Apollo, Jumamosi usitoe mashua."

"Kwa nini, nyaminwa?" Ndivyo alivyomwita dada yake alipotaka kuonekana mpole.

Mama akamweleza kila kitu. Angefanya nini? Alikuwa ndugu yake, na alidhani mtu anayejisifu hivyo kuhusu dini ya watu atakuwa na chembe ya kuiheshimu. Mjomba aliunganisha viganja, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Nyaminwa, kifo ni kitu takatifu. Mimi ni nani? Sitakanyaga huko." Akamega ugali. Akatafuna. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na itakuwa saa ngapi hivi? Nauliza tu nijue, nisije nikapita karibu."

Na mama akamwambia.

Jumamosi tulitoka nyumbani ukungu ukiwa bado umelala juu ya mafunjo. Wanawake wa kufua walikuwa wameshafika, beseni zimejaa, na mama akawaomba wasogee kando kidogo na kutazama upande mwingine. "Haina shida, nyar Alego," wakamjibu, wakimwita kwa jina la kwao, wakasogea na mashuka yao bila kuuliza zaidi. Gari likaja polepole. Akashuka maharaji, kuhani wa hekalu lao, akipiga chafya, na nyuma yake Mama Kanta, amevaa nyeupe, amekumbatia mtungi wa udongo uliofungwa mdomo kwa kitambaa chekundu. Habari za moto na majivu nilikuwa nimezisikia, lakini kwangu neno la mjomba lilizishinda; nikautazama ule mtungi nikajiambia kwamba Mzee Manubhai alikuwa mtu mnene, wamembana kweli.

Maharaji akasali. Nazi ikapasuliwa, maua ya manjano yakatupwa. Mama Kanta akaingia majini hadi magotini, sari yake ikielea kumzunguka, akauweka mtungi juu ya maji kama mtu anayemlaza mtoto, akausukuma kwa ncha za vidole. Ukaenda. Ukaenda hatua chache tu, kisha ukakwama kwenye magugu, lile zulia la kijani lililoanza kutusumbua miaka ile, ukakaa pale ukiyumbayumba. Maharaji, aliyekuwa na homa, akasema maji yatauchukua yenyewe, akarudi garini. Mama Kanta akabaki amesimama, akiungoja. Mabega yake yakaanza kutikisika. Ndipo tukaisikia kengele.

Mashua ikatokea nyuma ya mafunjo imejaa hadi inakaribia kuzama. Sijawahi kuona wageni wengi hivyo katika mashua ya Mzee Okumu. Mjomba hakuwa amekuja na safari ya kawaida. Alikuwa amekwenda hoteli zote akitangaza kitu ambacho si kila mgeni hukiona, mjane wa kweli na majivu ya kweli. Alisimama mbele katika kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi na mama, mkono umenyooshwa kumwelekea Mama Kanta kama anayeuza ng'ombe, akieleza. Kamera zikaanza kulia. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

Magugu yaliwazuia wasiuone mtungi vizuri, na mjomba, ambaye hakuwahi kukubali mgeni akose kitu alichokilipia, akamgeukia Mzee Okumu akamwambia kwa Kiswahili.

"Mzee, sogeza pale kidogo. Ule mtungi uko na mtu ndani, wageni wanataka picha."

Mzee Okumu akaacha kupiga kafi. "Mtu?"

"Ndio, mtu. Bwana ya ule mama pale."

"Amekufa?"

"Sasa, mzee, angekuwa mzima ndani ya mtungi?"

Miaka yote Mzee Okumu alidhani Wahindi hulipa ziwa maua na nazi. Hakuna aliyewahi kumwambia lililomo mitungini, maana hotuba zote zilikuwa za Kiingereza. Na mtu wa ziwa ana sheria moja ambayo haivunjwi. Ukimkuta maiti majini humpiti. Hata kama humjui, hata kama nyavu zako zinakungoja, unamtoa na kumfikisha nchi kavu, watu wake wamzike. Anayempita hana raha tena ziwani. Mzee akavua kofia yake, akaichomeka mkandani, akaipeleka mashua moja kwa moja ndani ya magugu. Akapiga magoti, akauinua mtungi kwa mikono miwili, mizizi ikining'inia na kuchuruzika, akauweka katikati ya mashua kati ya miguu ya wageni. Mzungu mmoja akainua miguu yake juu kama kuku amepita.

"Wewe mzee! Rudisha hiyo kitu!" mjomba akafoka.

"Mtu haachwi majini," Mzee Okumu akasema. Akageuza mashua ufukoni.

Akashuka akiwa na mtungi, akapita kwenye matope hadi mbele ya Mama Kanta, akainamisha kichwa. "Mama, pole sana. Mtu wako ni huyu. Tumempata." Alisema kwa upole wa kweli. Usiku na mchana alikuwa ameishi na ziwa lile, na hili ndilo jambo jema kuliko yote alilolijua kumfanyia binadamu mwenzake.

Mama Kanta aliupokea kwa sababu mikono hupokea kinachopewa. Kisha akaketi juu ya jiwe la kufulia, ghafla. "Rosa," akasema. "Rosa, yeye amerudi. Yeye hapana taka kwenda." Na kilio alichokuwa amekificha miaka yote kikamtoka, kikubwa, bila adabu, mdomo wazi, mbele ya mashua nzima ya watu.

Nimekutana na watu wengi wasio na haya katika maisha yangu. Nimeona viongozi wakichukua sadaka ya wajane, nimeona mashemeji wakigombania godoro kabla marehemu hajapoa. Lakini bado sijaona mfano wa kile ambacho mjomba alifanya dakika ile. Alitazama mtungi, akamtazama mzee, akaona hesabu zake zinaharibika. Kisha akageuka kwa wageni, akaunganisha viganja, na kwa sauti tamu akawaeleza kwamba katika ibada hii ya kale sana, mpiga kafi humrudisha marehemu ili mjane aulizwe kwa mara ya mwisho kama yuko tayari. Akawaomba wasogee upande huu wa mashua, mwanga ni mzuri. Nao wakasogea! Watu wazima, waliosoma, wenye mama zao huko walikotoka, wakasogea kwa ajili ya mwanga.

"Apollo, nyamaza," mama akasema.

"Nyaminwa, niko kazini."

"Nimesema nyamaza."

Hakunyamaza. Mama akafungua fundo la leso kiunoni, akaishika pembe mbili, akapanua mikono, akasimama kati ya mashua na Mama Kanta. Mnajua ishara hiyo. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa njiani, au nguo ikimchanikia sokoni, hakuna anayeitisha mkutano. Leso hufunguliwa na ukuta hujengwa. Wale wanawake wa kufua walikuwa wametazama upande mwingine kama walivyoombwa, lakini masikio hayana upande. Mmoja akageuka, akaiona leso ya mama ikipepea peke yake. Akachota shuka kutoka kwenye beseni lake, likiwa bado na povu, akaja mbio. Wengine wakamfuata, huyu na pazia, huyu na shuka la watoto lenye viraka, huyu na leso aliyovaa akabaki na gauni la ndani. Wakasimama bega kwa bega, maji ya sabuni yakiwatiririka viwikoni.

"Wewe wa kengele!" mmoja akapaza sauti. "Hapa si sinema!"

Mama akamwachia mwenzake pembe moja na kumwita Mzee Okumu kwa Kijaluo, akamweleza kwa maneno machache. Mzee akaziba mdomo kwa kiganja. "Sikujua," akasema. "Kwetu mtu anatolewa."

"Ulifanya vile unajua, jaduong', mzee wangu. Sasa msafishie njia."

Akaingia majini, akayasukuma magugu kwa kafi kushoto na kulia mpaka maji meusi, safi, yakaonekana. Kisha akasimama mbali kidogo na kutugeuzia mgongo, kofia mkononi. Mama alirudi kwenye leso yake, na mimi nikabaki ndani ya ukuta pamoja na Mama Kanta, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunitoa. Ndani mle kulikuwa kama chumbani. Jua lilikuwa limeanza kupanda upande wa Kano, likipenya kwenye mashuka, na kila kitu kilinukia sabuni ya mche. Kelele za kamera zilisikika kama za jirani.

Mama Kanta akajifuta uso. Akafungua kitambaa chekundu mwenyewe, fundo baada ya fundo. Nikasogea nimsalimu Mzee Manubhai, nikaona majivu. Majivu ya kijivu na vipande vyeupe vidogo, basi.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Huyu ndio yeye, mtoto."

Nikafikiri sana. Jambo nililolisikia darasani likanitoka. "Lakini atapotea, Mama Kanta. Nera anasema atafika India, na mwalimu alisema maji haya yanakwenda Misri."

Alinitazama kwa macho yake mekundu, na nikaona mdomo wake ukipinda, nikadhani nimemliza tena. Alikuwa akicheka. "India? Yeye hapana fika India hata siku moja. Mzee alisema, mimi ni mtu ya Kisumu, weka mimi hapa." Akapiga maji kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayeonyesha kiti. "Hapa tu."

Akaingia kwenye ile njia iliyosafishwa. Hakuusukuma mtungi tena. Alichota majivu kwa mkono wake na kuyaachia kidogokidogo, akizungumza naye Kigujarati wakati wote, si kwa sauti ya sala, bali kwa ile sauti ya mke anayemkumbusha mume mambo kabla hajatoka nyumbani, ufunguo, koti, dawa. Alilia kadiri alivyotaka. Hakuna aliyemharakisha. Mikono ya wanawake ilikuwa ikitetemeka kwa uzito wa nguo zilizolowa na hakuna hata mmoja aliyeshusha. Nje ya ukuta, nawaapia, mjomba alikuwa akiwaeleza wageni kwamba kila rangi ya kitambaa ni dhambi moja ya marehemu.

Tuliporudi nyumbani mama alilitoa sanduku la kengele akaliweka njiani. Mjomba akahamia kibanda karibu na ufuo, na biashara yake, kama mnavyotarajia, ikanawiri. Mama Kanta akaondoka wiki iliyofuata. Alimshika mama mikono yote miwili mlangoni.

Lakini mama hakutulia. Baada ya muda tukasikia kwamba Mzungu mmoja aliyekuwemo mashuani alimtumia mjomba picha, kubwa, na mjomba ameitundika kibandani na kuwaambia wageni ni mjane wa Kihindu akimuaga mumewe. Mama aliposikia aliacha kupita njia ile. Alizunguka kwa mbali, na beseni kichwani, jua likimchoma. Usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani. Alikuwa amempa mwanamke neno lake, na sasa uso wa mwanamke huyo, mdomo wazi, ulikuwa ukutani kwa Apollo, ukiuzwa kwa kila mpita njia, na mwenyewe yuko ng'ambo hajui. Hakuniambia hivyo. Nilijua tu, kwa sababu alikuwa ameacha hata kuimba akipika.

Kisha asubuhi moja akanishika mkono ghafla na kusema twende. Kibandani mjomba alikuwa na wageni wawili. Alipomwona dada yake akafurahi kwelikweli, macho makavu.

"Nyaminwa! Karibu, karibu! Kuja uone."

Picha ilichukua karibu ukuta mzima. Mama hakuitazama mara moja. Alitazama sakafu, akavuta pumzi, kisha akainua macho. Nami nikatazama. Kulikuwa na shuka la viraka. Kulikuwa na pazia la maua na leso nyingi zinazovuja maji, na jua nyuma yake likiwaka. Katikati kulikuwa na mwanamke mmoja, mikono imepanuliwa, akiikodolea kamera kwa jicho ninalolijua vizuri, lile nililotazamwa nalo kila nilipovunja sahani. Mjomba alikuwa amemtangaza dada yake wa tumbo moja kuwa mjane wa Kihindu, na dunia nzima ilikuwa imemwamini.

Mama akasogea karibu kabisa. Akaikagua picha pembe hii na pembe ile, kidole chake kikipita kando ya kila nguo, mahali nguo moja inapokutana na nyingine.

"Na Mama Kanta yuko wapi?" akauliza.

"Si yuko hapo nyuma ya nguo," mjomba akasema.

"Hapo nyuma."

"Ndio. Haonekani tu."

Mama akashusha mkono. Akaanza kucheka, kwa chinichini kwanza, halafu kwa sauti, mpaka wale wageni wakashusha kamera zao wasijue wafanye nini.

"Basi hawakumwona," akaniambia, akanishika mkono, tukatoka.